Mbegu ya Kuku wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aligawa mpaka chumvi. Nasema hivi kwa mapenzi, maana mwaka huu nimemkumbuka mno, kuliko ninavyomkumbuka mama aliyenizaa, Mungu anisamehe. Nyumbani kwake Mkongani hakikuingia kitu kikakaa. Papai likiangushwa mtini lilikatwa vipande likiwa bado na joto la jua, na vipande vinne vikatangulia kwa majirani kabla mwenye mti hajaonja. Kila kilichopikwa kilitengewa sahani, sahani ikafunikwa kawa, na mimi, mke wa mwana, nikatumwa kuipeleka kwa mlango wa uani. Jirani naye haruhusiwi kuirudisha sahani tupu. Akikosa kabisa atatia ndimu mbili, au kikonyo cha pilipili, lakini tupu hairudi.

Mimi nilitoka Msambweni, kwa watu wa pwani wanaokula samaki. Sisi pia hugawa, asije mtu akatusingizia. Ila sisi hugawa kilichozidi. Yeye aligawa kwanza, kisha ndipo alipoangalia kilichobaki, na mara nyingine kilichobaki kilikuwa ni mchuzi bila kitoweo. Nilinung'unika sana mwaka wangu wa kwanza. Nilinung'unika kimoyomoyo, kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi nilikuwa mgeni.

Nyumbani tulikuwa wanawake watatu. Mama mkwe, ambaye alikuwa mjane, binti yake wa pekee, yaani wifi yangu, aliyekuwa amekwisha kuposwa, na mimi. Mume wangu alifanya kazi Mombasa, bandarini, akija mwisho wa mwezi na mkate wa mjini na habari za Uhuru. Ilikuwa miaka ile bendera bado ni mpya, kila mtu anataraji kitu. Wengine walitaraji mashamba, wengine shule. Mama mkwe alitaraji harusi ya binti yake tu, na harusi hiyo ilikuwa na sharti moja ambalo hakuna mahari wala sherehe ambayo ingelifidia. Sharti lilikuwa ni kuku.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho mama mkwe hakukigawa, nacho ni mitetea yake ya madoadoa. Majogoo alichinjia wageni, mayai mengine tulikula, lakini kuku jike mwenye yale madoa meupe juu ya weusi, kama kanga wa porini, hakuuzwa, hakuchinjwa, hakuazimwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini, nikiwa nafagia uwanja wao. Alikuwa akipepeta mchele, na hakuuacha ungo wake aliponijibu.

"Hawa ni kuku wa kwetu, mwanangu. Wametoka kwa mama."

Yeye alizaliwa upande wa Vanga, mbali, karibu na mpaka. Aliolewa Mkongani akiwa msichana mdogo asiyejua mtu. Siku ya kuondoka, mama yake alimtilia tembe katika pakacha, kuku mchanga ambaye hajataga bado, akamwambia: "Huko uendako utakuwa mgeni. Ukitaka kulia, usiwalilie watu. Nenda bandani ukalie na huyu." Naye mama yake alikuwa amepewa hivyo hivyo na mama yake. Kwao ukoo hufuata mama, na hata kuku waliwahesabu kwa njia hiyo. Jogoo wa jirani akipanda, potelea mbali, mbegu ni ya mtetea. Miaka ikapita. Mama yake akafariki kule Vanga, na habari ilimfikia Mkongani wakati maiti amekwisha kuzikwa. Kuku wa kule wakatawanyika kwa warithi, wengine wakaliwa kwenye matanga. Waliosalia duniani ni hawa wa kwake.

"Mama sikumzika," aliniambia. "Lakini kila asubuhi nawafungulia kuku wake."

Basi wifi yangu akiolewa ilikuwa lazima aondoke na tembe wa madoa. Mume alikuwa wa mbali kidogo, upande wa Kinango, kwenye ukame na ng'ombe, ambako wifi hakuwa na hata shangazi. Mama mkwe alikwisha kumchagua tembe mwenyewe, amekamilika, kifua kipana. Alimlisha mtama kwa mkono wake. Wifi alikuwa akimtania kwamba kuku amependeza kuliko biharusi.

Ugonjwa ulianza kwa majirani. Tulisikia kwamba kuku wa nyumba ya kule bondeni wameamka na undu, ule upanga wa kichwani, umevimba, wamefumba macho, wanahara kijani. Halafu nyumba ya pili. Kwanza kila mtu alisema kideri, na kideri kikiingia kijijini sisi huwa tunatia kuku sufuriani upesi kabla ya kifo kututangulia. Waliojaribu dawa walijaribu walizozijua: majivu kwenye maji, pilipili, mwarobaini uliopondwa. Jirani wetu wa karibu, mwanamke mwenye sauti kubwa ambaye ndiye aliyekuwa ameahidi kusimamia majungu ya harusi yetu, alifungua vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya jipu la mumewe kupona, akamwaga unga wake kwenye kifuu cha maji. Kuku mmoja akapona, watatu wakafa. Akasema vidonge vingekuwa vingi wangepona wote, na pengine alisema kweli.

Kisha mmoja wa mitetea yetu akaacha kula.

Sijapata kumwona mama mkwe akikimbia ila asubuhi ile. Alijitupia kanga kichwani akaenda mpaka Matuga kwa miguu, ofisi za serikali, kumtafuta bwana mifugo. Mjane wa kijijini wakati huo kwenda ofisini kumwita mtu wa serikali kwa ajili ya kuku lilikuwa jambo la kuchekesha. Watu walimcheka hata njiani. Kuna mwanamume alimwuliza kama anakwenda kuwaandikisha kuku kura. Yeye alirudi adhuhuri, na nyuma yake bwana mifugo akisukuma baiskeli kwa kuwa mlima umemshinda.

Alikuwa kijana wa bara, amekuja na Uhuru, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kujikata. Kiswahili chake kilitufanya mimi na wifi tuume kanga tusicheke. Lakini alikuwa na adabu. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akachutama bandani bila kujali suruali, akashika kuku mmoja mmoja, akawatazama mdomoni na mkiani.

"Hii si kideri, mama," alisema. "Kideri haina dawa. Hii iko na dawa."

Nilimwona mama mkwe akikaa chini pale pale, mavumbini, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Bwana mifugo akatoa pakiti ya karatasi nzito. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya kiini cha yai. Akatuonyesha kijiko chake na kiasi cha maji. Halafu akasimama na kusema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyotoka.

"Mama, hii dawa ni ya hawa kuku yako peke yake. Usipatie mtu. Kila asubuhi unamwaga maji ya jana, unaweka ingine. Hata ukiona wamepona, unaendelea tu mpaka pakiti iishe. Ukiacha katikati, ugonjwa inarudi na nguvu."

"Na majirani zangu, mwanangu?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa stoo iko hii tu. Nimeandikia Mombasa. Ingine ikikuja, nitaleta."

Akanywa maji ya dafu, akashukuru, akapanda baiskeli. Mlima sasa ulikuwa upande wake.

Hajafika hata kwenye njia panda, hodi zikaanza. Mkongani wakati huo mtu wa serikali akiingia uani kwako, kijiji kizima kilijua kabla hujamkaribisha. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa sauti kubwa. Hakuomba. Kwetu mtu haombi kitu alichokwisha kukiona; anakuja tu, anakaa, anauliza hali, anasema kuku wake watano wamelala. Akaja wa pili, akaja wa tatu, kila mmoja akakaa kidogo, akauliza maandalizi ya harusi yamefika wapi, akasema kuhusu kuku wake, akaaga. Walipoondoka, mama mkwe akanituma nilete karatasi za gazeti na kijiko cha chai.

Wifi yangu alielewa kabla yangu. Alikuja akasimama mbele ya pakiti.

"Mama, dawa hiyo ni yetu. Si amesema asipewe mtu?"

"Amesema. Yeye atalala Matuga. Mimi nalala hapa."

"Kuku wa bibi watakufa."

"Hawatakufa. Nimewawekea na wao."

"Umewawekea kidogo! Amesema mpaka pakiti iishe, mama, umemsikia kwa masikio yako."

"Nimemsikia." Mama mkwe alikuwa na sauti ya taratibu, hata alipokasirika. "Sasa na wewe nisikie. Hao waliokuja hapa ndio watakaokutwangia mchele. Ndio watakaokupikia, wakuimbie, wakukande, wakutoe nje ukiwa biharusi. Wameona dawa imeingia kwangu. Nifunge mlango, kuku wao wafe nikiwatazama, halafu harusi ikifika nibishe hodi kuomba masufuria? Uso huo nitautoa wapi?"

"Waambie ukweli. Waambie haitoshi."

"Haitoshi," mama mkwe alirudia, kana kwamba neno hilo ni la lugha ngeni. "Nani aliyewahi kusikia hapa kwangu kwamba haitoshi?"

Wifi alinitazama mimi nimsaidie. Mimi nilikuwa mke wa mwana, mwaka wa kwanza. Niliinama nikaendelea kukata gazeti.

Akagawa. Kijiko kwa kijiko, sawa kwa sawa, na fungu letu lilikuwa sawa na la kila nyumba, halikuzidi hata chembe. Kila fungu lilikunjwa ndani ya kipande cha gazeti, na kila kipande kikawekwa sahanini, na sahani ikafunikwa kawa, kwa sababu kumpa mtu kitu kwa mkono mkavu ni sawa na kumfukuza. Nikazunguka nazo kijijini. Nimepeleka pilau kwa kawa, nimepeleka futari, lakini siku hiyo peke yake ndiyo niliyopeleka dawa ya kuku, na wanawake wakaipokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea chakula cha karamu.

Sahani hazikurudi tupu. Zilirudi na mbaazi, mihogo, kisamvu, nazi. Jirani wa sauti kubwa alirudisha sahani juu ya tita zima la kuni za harusi, akalibeba mwenyewe kichwani, akaliangusha uani kwa kishindo, akasema mama mkwe ataingia peponi kwa mlango anaoutaka mwenyewe.

Jinsi walivyoitumia ile dawa, kila nyumba ilikuwa na akili yake. Mmoja aliikoroga yote ndani ya mtungi mkubwa ili ikae muda mrefu, maji hayakuwa na rangi hata kidogo. Mmoja aliichanganya na pumba. Kuna aliyeweka nusu ya fungu lake kando, ndani ya kopo, kwa ajili ya kidonda cha mguu wa mumewe, na mumewe akakipaka. Mama mkwe aliifanya alivyoelekezwa, kijiko na maji yake, akamwaga ya jana kila asubuhi, mpaka fungu lake likaisha. Liliisha upesi mno.

Lakini nisiseme uongo, tulifurahi. Kufikia katikati ya juma kuku walianza kufumbua macho. Yule mtetea aliyelala akanyanyuka akaparua mchanga. Jogoo wa jirani aliyekuwa amekata sauti akawika, na watu wakatoka nje kumcheka na kumshangilia. Kila uwanja ulikuwa na habari njema, na kila habari ilimtaja mama mkwe. Nilimwona akitabasamu peke yake akipepeta mchele. Nilijionea haya kwa manung'uniko yangu ya mwaka mzima, nikajiambia labda huyu mwanamke anajua kitu ambacho mimi na bwana mifugo hatukijui.

Wifi ndiye aliyekuwa haamini. Alikwenda bandani kila saa, akamshika tembe wake, akampapasa chini ya bawa.

Ugonjwa ulirudi kimya. Hatukuuona ukianza. Asubuhi moja tulifungua banda, mitetea wawili wamekwisha kukauka, na wengine wamekaa wameinama kama watu waliofiwa. Undu umevimba kuliko mara ya kwanza. Hodi zikaanza tena, lakini safari hii wanawake hawakukaa. Walisimama mlangoni wakauliza kama imebaki hata kidogo, na mama mkwe akawaonyesha pakiti, imegeuzwa ndani nje.

Kuku walikufa nyumba zote. Ilifika mahali hatukuwachinja tena, kwa kuwa walikuwa wakifa haraka kuliko kisu, tukawachoma moto nyuma ya migomba. Harufu ya manyoya yanayoungua ilikaa kwenye kanga zetu juma zima. Asubuhi hakuna aliyewika. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuishi kijijini anaweza kujua unyamavu ule. Unaamka, kumekucha, na huamini.

Bwana mifugo alirudi na pakiti nyingine, na baiskeli yenye matope. Alipoona banda alijua. Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Mliigawa," alisema.

"Niliigawa mimi," mama mkwe alijibu.

Akachutama, akawatazama waliobaki, na walikuwa wachache sana, na tembe wa wifi alikuwa miongoni mwao. Akatueleza polepole, akitafuta maneno. Alisema ugonjwa ule umeonjeshwa dawa na haukumalizwa, kwa hiyo uliobaki ni ule wa vichwa vigumu, uliokwisha kuizoea, na sasa hata yeye hawezi kuahidi. Alituachia pakiti nzima. Hakusema tena isipewe mtu. Wala hakuna aliyekuja kuiomba, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kuku.

Wifi alimtoa tembe bandani akamweka chumbani kwake, chini ya tenga. Akamnywesha ile dawa kwa kijiko, asubuhi na jioni, akimfungua mdomo kwa kidole. Hakumruhusu mtu mwingine kumgusa. Yeye na mama yake hawakusemeshana. Walipishana mlangoni kama wageni. Mimi nilikaa katikati, nikimpelekea huyu chai na yule chai. Mitetea wengine wakafa mmoja mmoja, lakini tembe akaishi, akafika mpaka juma la harusi, ala kidogo, anywa kidogo, anapepesa macho. Tulianza kuamini. Mama mkwe alinituma nikate kamba laini ya ukindu ya kumfungia mguu.

Siku ya kupaka hina nyumba ilijaa. Walikuja wote, kama mama mkwe alivyosema watakuja. Walikuja na vinu, na michi, na masufuria, na watoto mgongoni. Uani kulikuwa na vumbi la mchele na nyimbo, na jirani wa sauti kubwa alikuwa akigombana na kila mtu juu ya moto. Mwanamke aliyepoteza kuku wote alipepeta mchele kando ya mwanamke aliyepoteza kuku wote, na hakuna aliyetamka neno kuku siku ile. Chumbani wifi alikuwa ameketi mkekani, miguu na mikono imenyooshwa, hina mbichi mpaka kwenye viwiko. Tenga lilikuwa kwenye pembe, nyuma yake.

Mimi ndiye niliyeona kwamba tenga halitikisiki. Nikainua ukingo. Tembe alikuwa amelala ubavu, jicho wazi.

Wifi aligeuka akaniona uso. Alijaribu kuinuka na mwanamke aliyekuwa akimpaka hina akamkamata bega, "Wewe, utaharibu!", naye akakaa, mikono imenyooka mbele yake imelowa, hawezi kumshika kuku, hawezi kujifuta machozi. Yakamtiririka tu, na wale wanawake wakaanza kumwimbia kwa nguvu zaidi, wakidhani analia kama wanavyolia maharusi.

Nilimfunga tembe katika upande wa kanga nikatoka naye kwa mlango wa uani. Mama mkwe alikuwa jikoni. Akauona mzigo, akajua. Akaniondolea mkononi, akaenda nyuma ya banda, akachimba na jembe la mkono, akamzika. Hao wengine tulikuwa tumewachoma. Huyu alimzika, akapapasa udongo kwa kiganja. Halafu akanawa mikono, akarudi jikoni, na mtu akamwuliza chumvi iko wapi, naye akamwonyesha.

Harusi ilipendeza. Mpaka leo nikienda Mkongani wazee huitaja. Wali haukuungua, watu wakala wakasaza, majirani hawakutuaibisha kwa lolote. Gari la kumchukua biharusi lilikuja kutoka Kombani, na wakati ulipofika wifi aliingia chumbani kwa mama yake kuaga, nami nikiwa nimemshikia baibui. Aliinama akambusu mkono. Mama mkwe alimwombea dua ndefu, zote nzuri, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili na mwisho kwa Kidigo. Alipomaliza, wifi alibaki ameinama vile vile.

"Mama," alisema, "kule nitalia na nani?"

Mama mkwe aliishika mikono yake yenye hina. Nje walikuwa wakipiga honi. Wifi akainuka, akavuta baibui yake usoni, akatoka.

Baada ya hapo tulifuga kuku wengine, tulinunua sokoni, weupe na wekundu, wazuri tu. Mama mkwe aliwalisha kama unavyowalisha kuku, basi. Wifi alizoea Kinango, akazaa, akawa mwenyeji. Walipatana, yeye na mama yake, kama watu wanavyopatana. Mimi mwenyewe nilikuja kuhamia Ukunda na mume wangu, na hapa naona vijana wanaofuga kuku kwa ajili ya mahoteli, mamia chini ya bati moja, na dawa ile ile ya rangi ya kiini cha yai wanaitia kwenye maji kila siku, mgonjwa na mzima, na akipona wanapunguza, na pakiti ikibaki wanamwazima jirani. Nikisema neno wananiambia, "Bi mkubwa, ndivyo biashara ilivyo." Nawaacha. Si wao ninaowawaza. Nawawaza mitetea ya madoadoa wakimiminika kutoka bandani asubuhi, na mwanamke mmoja mwembamba amesimama kati yao na ukufi wa mtama mkononi. Ningetoa kingi niione asubuhi moja kama hizo, hata nikiwa ndiye wa kufagia.

Alipofariki, kwenye hitima yake watu hawakuwa na pa kukaa. Kila aliyesema alisema juu ya ukarimu, na wazee wawili walikumbusha habari ya dawa ya kuku, kwamba alikuwa nayo peke yake na akaigawa sawa kwa sawa. Walioisikia walitikisa vichwa kwa mapenzi. Mimi sikutikisa changu.

Maana mwezi wake wa mwisho ni mimi niliyekuwa nikimwuguza, pale pale Mkongani, kitandani karibu na mlango ili apate upepo. Alikuwa amekuwa mwepesi kabisa. Na mchana mmoja nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu nikiwa mke wa mwana wa mwaka mmoja. Nilimwuliza, kama angerudishiwa ile pakiti, ile ya kwanza, angefanyaje.

Sikutaraji ajibu upesi. Alijibu kama mtu aliyekuwa amekwisha kujiuliza mara nyingi.

"Ningefunga mlango, mwanangu," alisema. "Ningefunga, nikakaa ndani na kuku wa mama, wakanitukana mpaka wachoke."

Nikamshika mkono. Mlango ulikuwa wazi, na majirani walikuwa wakiingia na kutoka tangu asubuhi kumjulia hali, mmoja na uji, mmoja na maji ya baraka, mmoja amekuja tu kukaa. Jirani wa sauti kubwa, mzee sasa, alikuwa ameketi miguuni pake akimkanda nyayo, na masikio yake yamekwisha kuziba, kwa hiyo hakulisikia lile neno, akaendelea kukanda.